Mwisho wa reli, mwisho wa gemu

Wanaolalamika kwamba watu hawamalizi magemu huja na ushahidi mkononi. Mmoja anakufungulia orodha ya vikombe, zile tuzo za kila hatua unayopita, kwenye PlayStation yake, anashuka hadi kile cha kumaliza hadithi, anakuonyesha asilimia ya waliokipata. Kwa gemu refu, mara nyingi ni chini ya nusu ya waliolianza. "Unaona? Watu hawana subira."

Asilimia hiyo imenisumbua muda mrefu, kwa hiyo mniwie radhi nikiing'ang'ania. Mtindo huu wa kutoa tuzo kwa kila hatua ulianza na Xbox 360 mwaka 2005, PlayStation wakafuata 2008. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwa hakika nani amefika wapi. Sasa angalia inamhesabu nani. Inamhesabu aliyepewa gemu ndani ya kifurushi cha magemu cha mwezi akaliwasha dakika ishirini kuona likoje. Inamhesabu mdogo mtu aliyegusa pedi ya kuchezea ya kaka yake. Ndiyo maana hata kikombe cha sura ya kwanza kabisa, kile ambacho ukicheza tu unakipata, hakifiki mia. Wale hawajashindwa kumaliza. Wamechungulia mlangoni, wakaendelea na safari zao.

Na kuna ambao haiwahesabu kabisa. Hao ni sisi.

Tuliokulia Mwanga, hapa Kigoma mjini, tunalijua banda la gemu. Tivii tatu za kichogo, PS2 ambazo mifuniko yake imekazwa kwa raba, benchi mbili, na saa ya ukutani ambayo mwenye banda aliiamini kuliko alivyotuamini sisi. Mia mbili ilikupa dakika kumi. Gemu lilikuwa GTA San Andreas, la mwaka 2004, na memori kadi ilikuwa moja ya megabaiti 8 kwa banda zima. Ukisevu leo, kesho unakuta mtu amesevu juu ya yako. Umeme nao, enzi zile mji ukiishi kwa majenereta ya dizeli, haukuwa na habari kwamba umebakiza hatua tatu kufika pa kusevu.

Halafu kulikuwa na misheni ya treni. Aliyecheza anaijua: CJ, yule unayemchezesha, yuko kwenye pikipiki, rafiki yake Big Smoke kapakia nyuma na bunduki, mnakimbizana na wahuni waliosimama juu ya mabehewa. Ukikaa mbali, Smoke hawapati. Ukikaribia mno, unagonga kitu unaanguka, treni inaondoka zake. Watoto wa mji ambao reli ya kati imeishia mlangoni kwao, tangu 1914, tukashindwa na treni. Dakika kumi zinaisha, mia mbili imekwenda, unarudi nyumbani kimya.

Mpaka ukampata wa kukupitishia. Banda letu lilikuwa na kijana mmoja kutoka Ujiji, tulimwita Fundi. Unamwambia, "Kaka, nipitishie hapo," anachukua pedi bila maneno, benchi zima linasogea. Dakika ni zangu, vidole ni vyake, kelele ni za watu wanane. Misheni ikipita, mtoto aliyeketi pembeni na ambaye hakuwa na hata shilingi anasimulia shuleni kesho yake kana kwamba yeye ndiye aliyeshika pedi. Nani alimaliza pale? PS2 haikuwa na vikombe. PS3 zilipokuja, banda lilikuwa na akaunti moja kwa watoto wote wa mtaa, tena bila intaneti. Takwimu ikituona, inatuona mtu mmoja mvivu.

Treni ikitoka Dar es Salaam kuja huku, zaidi ya kilomita 1,200, wapo wanaoshuka Dodoma, wapo wanaoshuka Tabora. Sijasikia mtu akisema wa Tabora wameshindwa kufika Kigoma.

Wanaolalamika wana hoja hata hivyo, na nzito kwangu ni hii: mkubwa wa kampuni akiona wachache ndio wanaofika mwisho, atauliza kwa nini alipie saa ya mwisho. Fedha zinakwenda saa mbili za mwanzo, mwisho unashonwa haraka haraka. Chukua Red Dead Redemption 2, la mwaka 2018. Hadithi yake inakula kama saa 50, na baada ya kilele kuna sehemu nzima ya kuifunga, imetengenezwa kwa utulivu wa ajabu. Wengi walioanza hawajaiona. Hasara ipo, siwezi kuikana. Lakini hapo hapo nalikumbuka gemu la Portal, la 2007, unalimaliza kwa saa chache, na mimi sikuona nimepunjwa. Magemu mengi marefu yamerefushwa kwa maji, kama mchuzi uliopikwa wageni wakaongezeka. Anayeinuka mezani mapema huenda ameuonja vizuri tu.

Kinachonitia wasiwasi kipo upande mwingine kabisa. Watengenezaji wa magemu ya simu hawaulizi umemaliza au la. Wanauliza kama umerudi: siku ya kwanza baada ya kulipakua, siku ya saba, siku ya thelathini. Candy Crush, tangu 2012, inakupa maisha matano, yaani nafasi tano za kushindwa. Ukiyamaliza, moja linarudi kila baada ya nusu saa, au lipia. Steji ni maelfu na zinaongezwa. Humo hutamsikia mtu akilaumiwa kwa kutomaliza, maana hakuna cha kumaliza. Kutokuwa na mwisho peke yake si kosa: Tetris, lile la kupanga vipande vinavyoshuka, nayo ilikuwa hivyo, na lile toleo la Nintendo la 1989 lilikaa hadi Desemba 2023 ndipo mvulana wa miaka 13 huko Oklahoma akalicheza mpaka likaganda. Ila Tetris haikuwahi kukutumia ujumbe saa mbili usiku kwamba imekukumbuka. Mtu anayeweka pedi chini katikati ya hadithi ameamua jambo. Magemu haya yametengenezwa ili asiamue.

Jamaa yangu mwenye banda karibu na soko la Mwanga ananicheka nikisema hivi. Kwake San Andreas ilikuwa hasara, mtu mmoja anakalia tivii saa nzima. Siku hizi anaweka mpira tu: mechi fupi, wawili kwa wawili, aliyefungwa analipa. Aliyefungwa hataki kutoka na aibu, anadai marudiano. "Wewe unaita kumbakiza mchezaji," ananiambia, "mimi naita kodi ya fremu." Sina jibu zuri la kumpa. Naona tu kwamba kwake watoto wangali wamekaa bega kwa bega, na saa moja usiku anawafukuza waende kwao. Simu haimfukuzi mtu.

Mwaka juzi nilimaliza San Andreas, kwenye simu, miaka mingi baada ya benchi lile. Gari la zimamoto likaanguka, majina yakapita, CJ akaachwa azurure mtaani atakavyo. Nikaenda kumpa jamaa habari, nikitarajia walau pongezi. Aliendelea kufuta pedi kwa kitambaa.

"Ile ya treni ulipita mwenyewe?"

Nikamwambia ukweli. Alinipitishia mpwa wangu.