Laga ya Shemeji Yapanda Darini

Shemeji yangu, mume wa dada, ni Mchaga wa Marangu anayeishi Minneapolis, na majira haya ya baridi ameamua kupika bia ya laga nyumbani. Nikamwonya mapema. Pakiti moja ya hamira ya maji, ikiwa bado changa, ina seli kama bilioni 100. Eli, bia inayochacha bila baridi kali, inataka seli 750,000 kwa kila mililita kwa kila digrii ya Plato, yaani kipimo cha sukari iliyomo, na laga inataka mara mbili yake. Kwa lita 19 zenye uzito wa 1.048 ukilinganisha na maji, ambazo ni Plato 12, utahitaji seli bilioni 340 hivi. Lazima basi hamira izaliane kwanza kwenye kianzio, yaani uji mwepesi wa kimea wa kuikuzia, tena ikibidi kwa awamu mbili.

"Awamu mbili? Mama yangu anapika mbege hajawahi kuhesabu hata seli moja."

Kweli kabisa. Ila mbege inanyweka baada ya siku chache, na laga inakaa wiki kadhaa kwenye baridi. Hamira haba inachoka njiani na kukuachia bia inayonukia siagi. Shemeji akanitazama kama mtu aliyetukanwa ukoo, akaenda kuwasha jiko.

Alikuwa amenunua flaski ya maabara ya lita 2, ile yenye kitako kipana na shingo nyembamba. Kipimo cha kianzio ni rahisi: gramu 100 za unga wa kimea kwa lita moja ya maji, upate 1.037 hivi. Ukizidisha utamu hamira inaelemewa badala ya kustawi. Na flaski ya lita 2 isizidi lita 1.5, kwa sababu povu nalo linahitaji pa kukaa. Shemeji akajaza 1.8. Nafasi ameilipia, alisema.

Akachemsha maji kwanza, ndipo akaanza kumimina unga. Unga wa kimea unanyonya unyevu kuliko chumvi ya Tanga wakati wa masika. Ulipokutana na mvuke shingoni ukageuka gundi, ukaziba pale pale. Ungekorogwa kwenye jagi la maji baridi kabla ya kuingia flaskini, hayo yasingetokea. Shemeji akauchokonoa kwa mpini wa mwiko mpaka bonge likadondoka, na povu likaanza kupanda.

Povu hilo linatokana na protini za kimea, ambazo zikikaribia kuchemka zinashikana na kutengeneza ngozi. Kwenye sufuria linatanda. Kwenye flaski kila sentimita linayopanda njia inazidi kuwa nyembamba, kwa hiyo linapaa. Matone mawili matatu ya simethikoni hulituliza, na hiyo ndiyo dawa ya gesi wanayopewa watoto wachanga. Nikamwuliza kama anayo ndani. Akanijibu kwamba tumbo lake halina shida yoyote.

Akapunguza moto, povu likashuka, akatulia. Hapo ndipo alipokumbuka kidonge cha sumaku.

Kidonge hicho ndicho kinachozungushwa na mashine ya kukorogea, na kinatakiwa kiingie maji yakiwa bado baridi. Sababu si mila. Uji wa kimea uliokaribia kuchemka ndani ya kioo kilaini hauna mahali pa kuanzishia mapovu, hivyo joto linajilimbikiza kimyakimya. Tupia humo kitu chochote, punje ya unga au kidonge, na mapovu yote yanapata pa kuanzia kwa mara moja.

Nilisema, "Shemeji, usi—"

Kikaingia. Flaski ikakohoa, kisha ikarusha nusu ya mali yake kwenye dari. Iliyobaki ikateremkia koili za jiko la umeme, sukari ikaungua, king'ora cha moshi kikalia. Dada akatoka mbio na kanga mkononi akipepea, huku matone yakimdondokea kichwani.

"Ni halali," shemeji akajitetea chini ya king'ora. "Sheria ya Rais Carter ya 1978! Nyumba ya watu wazima wawili, galoni 200 kwa mwaka!"

"Kupika," dada akasema. "Kupaka rangi dari hawakuandika."

Raundi ya pili tulichemshia kwenye sufuria ya ugali: lita 1.5, gramu 150, dakika kumi. Kisha tukamimina kwenye flaski iliyokwisha kutakaswa, na kidonge kimo ndani. Shemeji akaipeleka kwenye theluji ya barazani ipoe. Theluji ikayeyuka kidogo pembeni, ikaacha kishimo chenye hewa, na hewa haibebi joto upesi, kwa hiyo flaski ikabaki ya moto huku yeye akiganda. Sinki la maji na barafu likaimaliza kazi. Ilipofika nyuzi 20 tukatia hamira, tukafunika kwa foili iliyolegea, kwani hamira inayozaliana inataka hewa, na mashine ikakoroga usiku kucha na kesho yake. Baadaye ikalala kwenye friji mpaka hamira yote ikatuama, nyeupe na nzito.

Siku ya kuitia hamira kwenye pipa la laga, shemeji akampigia mama yake Marangu kwa video ili ajionee. Mama akatazama mwanawe akimwaga kimiminika cha juu sinkini. Ndivyo inavyotakiwa, ile ni bia iliyopigwa na hewa, haina ladha ya kutamanika.

"Unamwaga pombe," mama akasema taratibu, "unabaki na machicha?"

"Machicha ndiyo yenyewe, mama."

Kidonge huzuiwa kwa sumaku nyingine nzito inayoshikwa chini ya flaski wakati wa kumimina. Shemeji alichomoa ile ya kwenye mlango wa friji, yenye picha ya nanasi. Hamira ikateleza pipani vizuri, kisha tukasikia chubwi.

"Hicho kilichoanguka ni nini?"

"Sumaku, mama. Haina neno, imevikwa teflon."

Simu ikakatika. Hata dakika haikupita, ya dada ikalia huko chumbani, na kupitia ukutani tulimsikia akijibu: "Hapana mama, usiku analala vizuri tu."