Sindano ya ujana: nyama inaongezeka, nguvu je?

Baba mdogo wangu ana miaka 68, juzi kanirushia tangazo WhatsApp, sindano za homoni ya ukuaji, "rudisha ujana wako", na picha ya mzee wa kizungu kifua kama mcheza mieleka. Yeye karushiwa na mwanae aliyeko Dubai, ambaye hela anayo na yuko tayari kununua. Swali lake lilikuwa moja tu, "mwanangu, hii kitu ni kweli au tunapigwa?" Nikamwambia baba nipe siku mbili.

Ukweli upo, na hapo ndo pagumu, maana ingekuwa uongo mtupu ningemjibu palepale. Homoni hii inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, ukiwa kijana inamwagika kwa wingi hasa usiku umelala, halafu inapungua mwaka hadi mwaka mpaka uzeeni inabaki kiduchu. Sasa mwaka 1990 daktari wa Marekani, Daniel Rudman, na wenzake wakachukua wanaume 21 wa miaka 61 mpaka 81, 12 wakadungwa mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, 9 hawakupewa kitu. Waliodungwa mafuta ya mwili yalishuka asilimia 14.4 na uzito usio wa mafuta ukapanda asilimia 8.8, mpaka ngozi ikaongezeka unene. Wauzaji wa ujana wakalidaka hilo na mpaka leo ndo wanatambia, yani biashara yote hiyo imebebwa na wazee 12, hata Hiace hawaijazi.

Na wanaotetea sio wajinga wote. Wanasema mzee akiishiwa misuli anaanguka, akianguka nyonga inavunjika, na nyonga ikivunjika kwa umri huo wengi tumewaona wanavyoisha, sasa kama kuna dawa ya kuongeza misuli kwa nini tumnyime? Mimi hoja hiyo naikubali kabisa. Shida ni neno "misuli".

Kwenye vipimo vile, kisichokuwa mafuta kinahesabiwa pamoja, na maji yamo humo, na homoni hii inajulikana kwa kuufanya mwili ushike maji. Mwaka 1996 watafiti wengine wa Marekani walirudia kwa wanaume 52 wa miaka 70 na kuendelea, mwili ukabadilika vilevile, mafuta chini nyama juu, ila safari hii wakapima na kazi: nguvu ya kiganja kukamata, nguvu ya goti, pumzi. Hamna tofauti ya maana na waliodungwa sindano isiyo na dawa. Kwa hiyo mzee anapendeza kwenye kioo lakini ndoo ya maji inamlemea kama jana. Na hiyo ni kabla hujafika kwenye madhara, miguu kuvimba, viungo kuuma, ganzi za viganja kwa sababu mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono, wanaume wengine wanaota matiti, na sukari inapanda.

Hata ule utafiti wa 2019 wanaoushabikia sana, kwamba umri wa chembechembe za damu ulirudi nyuma, walikuwa wanaume 9 tu na hapakuwa na kundi la kulinganisha, halafu homoni ilitolewa pamoja na metformini. Metformini si ndo dawa ya kisukari? Walijua wenyewe sukari itasumbua.

Kinachonichanganya zaidi ni Ekwado, nchi ya Amerika Kusini. Kuna jamii ya watu wafupi sana kule ambao miili yao haiisikii kabisa homoni hii toka kuzaliwa, na wakifuatiliwa kwa miaka kansa na kisukari kwao ni nadra mno, japo wengi ni wanene. Hawaishi miaka mingi kuliko ndugu zao, ajali na pombe zinawaondoa, lakini bado, unauziwa kama maji ya uzima kitu ambacho wenye miili isiyokisikia ndo wamekwepa magonjwa hayo.

Simaanishi sindano ni sumu. Mtu ambaye tezi yake imekufa, labda alikuwa na uvimbe akafanyiwa upasuaji, au mama aliyevuja damu nyingi sana akijifungua, huyo ni mgonjwa na anapewa kwa vipimo. Marekani kumuuzia mtu kwa ajili ya kuzuia uzee ni kosa, kifungo mpaka miaka 5.

Jana nikampeleka baba mdogo kupima sukari kabla hajanywa chai, ikasoma 6.8, kisukari bado ila kinagonga hodi. Nikampigia wa Dubai nikamwambia aachane nayo, akauliza sasa hela yake aifanyie nini, baba mdogo akadakia kwa nyuma anunuliwe kiti kirefu cha kibarazani, hiki cha sasa akitaka kuinuka mpaka aite mtu.