Daktari Akiona Shaka, Aseme au Anyamaze?

Tuseme ni Tabora mjini, chumba cha utrasaundi. Daktari anaona ngozi ya nyuma ya shingo ya mtoto tumboni imevimba kuliko kawaida. Mama ana miaka 41, mimba ya saba, katoka Urambo na basi la alfajiri. Picha ile haithibitishi kitu. Inatia shaka tu kwamba huenda mtoto ana sindromu ya Down, yaani kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) namba 21 ziko tatu badala ya mbili. Amwambie, au anyamaze mpaka mtoto azaliwe?

Kwingine swali hili limeshageuka jingine. Denmark, ambako wajawazito wote wamepewa nafasi ya kuchunguzwa tangu 2004, wengi mno wanaopata jibu la hakika hutoa mimba. Kwetu Kanuni ya Adhabu imefunga mlango huo: anayemtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe 7, isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama. Ndipo watu huuliza, na si swali la kipuuzi: kama hakuna la kuamua, kujua mapema kuna faida gani?

Wanaotaka daktari anyamaze wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Shaka si jibu. Hata kipimo cha damu ya mama kinachosifiwa kuliko vyote, ambacho kwa wengi wetu huku ni habari za mbali, kina mtego wake. Kikikosea kwa mama mmoja tu kati ya 1,000, na hali yenyewe ikimpata mtoto mmoja kati ya 1,000, basi katika kila akina mama wawili wanaoambiwa "ndiyo", mmoja hana kitu. Je, uvimbe wa shingo kwenye picha?

Halafu kuna nyumbani. Habari ikitangulia mtoto, tumbo linageuka kitu cha kutazamwa. Mama mkwe atasema katika ukoo wao jambo hili halijawahi kutokea. Mwingine atajua mganga wa kienyeji wa kumpeleka, mwingine atanong'ona kuhusu vidonge. Hata ukweli wa kitaalamu unaweza kugeuzwa rungu: mara nyingi kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai la mama, na uwezekano hupanda kwa umri, kutoka karibu mtoto 1 kati ya 1,500 mama akiwa na miaka 20 hadi karibu 1 kati ya 100 akiwa na 40. Mume akiishika nusu hiyo ya maelezo, kesi imekwisha. Nusu ya pili, kwamba ni ajali ya yai kugawanyika na ni familia chache sana zinazoirithi, haitasikilizwa na mtu.

Hata hivyo naegemea upande wa kusema, na sababu yangu ni tumbaku.

Familia ya mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hushika fedha mara moja kwa mwaka, chama cha msingi kikishalipa na deni la pembejeo likishakatwa. Kinachobaki ni bati, ada, labda pikipiki. Sasa, karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo. Tundu likiwa kubwa, katikati ya moyo, upasuaji unatakiwa ndani ya miezi michache ya mwanzo, kabla mishipa ya mapafu haijaharibika. Ukichelewa sana, unaweza kuambiwa hapasuliki tena. Na upasuaji wenyewe uko Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa mtu wa Kigoma, hadi Dar ni reli ya zaidi ya kilomita 1,200. Waliodokezwa kabla ya masoko wanaweza kuiacha nauli kando. Wasiodokezwa watatibu "nimonia" mara tatu, mtoto akitoka jasho kila anaponyonya, na fedha imeshakwenda kwenye bati.

Ila kuna kusema na kusema. "Mwanao atakuwa taahira" si taarifa, ni kofi, na kuliko hilo bora ukimya. Wala tusimwambie ni mtindio wa ubongo; hiyo ni hali nyingine kabisa, na jina lisilo lake humpeleka mama kusiko. Shaka iitwe shaka. Aambiwe ajifungulie hospitali, moyo wa mtoto upimwe, na kwamba mtoto huenda akawa mlegevu na kuchoka kunyonya, hivyo ajifunze kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe. Atatembea, kwa kuchelewa. Atasema, kwa kuchelewa. Katika nchi tajiri wastani wa umri wa kuishi wa watu hawa umepanda kutoka miaka 25 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu 60, na sehemu kubwa ya siri hiyo ni matundu ya moyo yaliyozibwa mapema.

Yupo pia mama asiyetaka kujua, na ni haki yake. Lakini aulizwe kabla ya kupanda kitandani: tukiona jambo, tukuambie? Swali hilo ni la nusu dakika. Kwa mama huyo wajibu unahamia chumba cha kujifungulia, na huko mimi sina pande mbili za kupima. Mkunga anaona macho, mkunjo mmoja wa kiganja, mikono iliyolegea, kisha anamruhusu mama aende nyumbani bila neno. Mama anakuja kugundua baada ya miaka miwili, wenzake wa rika wakikimbia.

Yule wa Urambo bado kalala, jeli tumboni. Mumewe yuko nje, chini ya mwembe, kashika kadi ya kliniki. Kabla ya neno lolote, daktari amwite ndani.