Cheti cha ng'ambo na bambo la bandarini

Kenya ilianza mwaka 2005, Tanzania ikafuata 2012: bidhaa ikaguliwe huko inakotoka na ipewe cheti cha ubora kabla haijapakiwa melini. Waagizaji wa chakula wanauliza kwa nini, wakishalipia cheti hicho, mkaguzi wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza tena kufungua kontena na kuchukua sampuli upya, huku tozo za bandari na za kampuni ya meli zikihesabu siku. Wana haki ya kuuliza. Tatizo ni kwamba pande zote mbili husema "mzigo" kana kwamba tambi na karanga ni kitu kimoja.

Tambi za kiwandani zikipakiwa salama hufika zilivyo. Hapo waagizaji wako sahihi: linganisha namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi na cheti kilichomo kwenye mfumo wa kompyuta (karatasi hughushiwa), kisha achia. Samaki wa kugandishwa nao hawahitaji maabara kwanza. Kontena la baridi hutunza kumbukumbu ya joto la safari nzima. Isome. Ikionyesha kwamba kwa siku mbili halikuwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hapo ndipo pa kushika mzigo, hata kama cheti ni safi.

Nafaka na karanga ni habari nyingine. Mahindi yakipakiwa yana unyevu uliozidi asilimia 13.5, kiwango cha juu cha Afrika Mashariki, joto la mchana huutoa kwenye punje, usiku bati la juu la kontena linapoa, na maji yanadondokea magunia ya tabaka la juu. Kuvu huota hapo. Cheti kilichotolewa wiki tano nyuma hakikudanganya, ila kilipima mzigo ambao bado haujapata jasho hilo. Kwa hiyo mamlaka wana hoja nzito ya kupima tena, na sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Hoja nzito, lakini vipimo vyenyewe mara nyingi ni vyepesi. Kiwango cha mwisho cha sumukuvu za aina ya aflatoksini, zote kwa pamoja, ni mikrogramu 10 kwa kilo. Katika kontena la tani 25, yaani magunia 500 ya kilo 50, hiyo ni robo gramu tu, tena haikusambaa sawasawa: gunia moja linaweza kubeba nyingi na jirani yake lisiwe na kitu. Mkaguzi akifungua milango na kuchoma bambo, ile chuma ya kuchotea sampuli guniani, kwenye magunia ya mbele, amepima mlango. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa shehena ya nafaka ya ukubwa huo zinataka michoto 100 ya takribani gramu 100 kila mmoja, kutoka sehemu mbalimbali, ijumlishwe iwe kilo 10. Sampuli isagwe laini na ichanganywe vizuri ndipo ipunguzwe kwa ajili ya maabara. Ukipunguza kabla ya kusaga, unacheza bahati nasibu. Mwagizaji anayelalamika kwamba majibu ya ng'ambo na ya hapa yanapishana huwa anadhani maabara moja ni mbovu, kumbe kosa lilikwisha kufanyika kwenye bambo.

Michoto 100 haipatikani bila kushusha magunia, na kuyashushia uwanjani bandarini ni gharama na foleni. Zaidi ya hapo, kontena lenye unyevu likikaa juani kusubiri majibu linaendelea kuotesha kile kile tunachokitafuta. Naona afadhali liende na lakiri hadi kwenye ghala la mwagizaji, mkaguzi awepo wakati wa kushusha, sampuli ichukuliwe gunia kwa gunia, na mzigo ufungiwe humo hadi majibu yatoke.

Wakaguzi wanaupinga utaratibu huu kwa sababu ya kweli: mzigo ukishatoka getini, unaweza kuwa umeuzwa kabla ya majibu. Dhamana ya benki inayolingana na thamani ya mzigo ingewazuia wengi, ila mwagizaji wa kontena moja au mawili kwa mwaka hana uwezo wa kuiweka. Huyo apewe bandari kavu yenye ghala lililoezekwa na lenye hewa, kwa tozo isiyopanda wakati ucheleweshaji ni wa maabara yenyewe.