Pikipiki Iliyotumika: Uliza Kazi Iliyofanya Kabla ya Kuuliza Mwaka Wake

Mtu anayetafuta pikipiki iliyotumika ya kumpeleka kazini na kumrudisha nyumbani kwa kawaida huanza na maswali matatu: ni ya mwaka gani, ni Boxer au TVS, na bei ya mwisho ni shilingi ngapi. Maswali hayo yote ni halali, lakini kwa maoni yangu linalopaswa kutangulia ni jingine, nalo ni hili: pikipiki hii imekuwa ikifanya kazi gani? Katika soko letu la Tanzania, ambako sehemu kubwa ya pikipiki zenye injini ndogo huingia barabarani kwa ajili ya bodaboda, jibu la swali hilo hueleza hali ya chombo kuliko mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya usajili, kuliko mng'ao wa tangi, na kuliko sifa zote zinazomwagwa na dalali.

Tufanye hesabu ndogo. Dereva wa bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, humaliza zaidi ya kilomita 31,000 kwa mwaka mmoja. Mwalimu anayetembea kilomita 25 kwa siku, kwenda shuleni na kurudi, katika siku 250 za kazi hafikishi hata kilomita 6,500. Maana yake ni kwamba pikipiki ya mwalimu huyo yenye miaka minne bado imetembea pungufu ya ile ya kijiweni yenye mwaka mmoja, na hapo hatujahesabu mishikaki ya abiria wawili au watatu kwa safari moja, magunia ya mkaa, vilima vya mchanga vya mitaa isiyo na lami, wala watu tofauti wanaoazimana chombo kimoja asubuhi na usiku.

Uko pia utaratibu wa mkataba, ambao wasomaji wengi wanaufahamu. Tajiri hununua pikipiki mpya, humkabidhi kijana, na kijana huleta hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, ya kila siku au kila wiki kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, hadi chombo kinapokuwa mali yake. Siupingi utaratibu huu, kwa sababu umewapa vijana wengi mtaji ambao benki isingewapa, lakini mnunuzi anapaswa kuelewa unachokifanya kwenye injini. Anayekimbizana na hesabu hana siku ya kuipumzisha pikipiki, oili huibadilisha pale fedha inapobaki, na wapo wanaouza mara tu mkataba unapoisha ili wapate kianzio cha chombo kingine. Hivyo pikipiki yenye mwaka mmoja na nusu, ambayo kwenye kadi inaonekana changa na kwenye tangazo inaitwa "kama mpya", huenda ndiyo iliyochoka kuliko zote zilizopangwa pale.

Mita ya kilomita haitatusaidia sana. Katika nyingi ya pikipiki hizi mita huzungushwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele, na waya huo ukichomolewa kilomita husimama hapo hapo. Kinachosema kweli ni vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvibadilisha. Mimi huangalia kwanza mipira ya kukanyagia ya abiria, si ya dereva. Pikipiki ya mtu binafsi huwa na mipira ya nyuma ambayo bado ina mistari yake, kwa sababu mara nyingi mwenyewe hutembea peke yake. Ya bodaboda huwa imelika hadi chuma kinachungulia, au imeshafungwa mingine mipya ambayo hailingani na uzee wa mipira ya mbele. Baada ya hapo huangalia kanyagio la breki, tundu la ufunguo lililolegea, rangi iliyosuguliwa na magoti pembeni mwa tangi, na matundu ya skrubu yaliyobaki pale palipofungwa kishika simu au kizuia tope chenye maandishi.

Kwa sababu hiyo hiyo naogopa pikipiki iliyopakwa rangi upya kuliko ile iliyochubuka. Hasa injini iliyopulizwa rangi ya fedha kila mahali, hadi juu ya vichwa vya bolti, hunipa shaka, kwa kuwa rangi hiyo hufunika alama za oili iliyokuwa ikivuja na hufunika makovu ya spana. Bolti za kifuniko cha silinda ambazo pembe zake zimeliwa ni ushahidi kwamba injini imefunguliwa, tena na mtu aliyetumia spana isiyo saizi yake. Kufunguliwa si kosa lenyewe, maana injini iliyofungwa pistoni na ringi mpya na fundi makini inaweza kuwa bora kuliko ambayo haijawahi kuguswa. Shida ni pale muuzaji anapoapa kwamba haijawahi kufunguliwa huku bolti zikisema vingine.

Ukaguzi wa injini unataka injini ya baridi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza nafasi yao. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye mapezi ya silinda, yale mapande membamba ya kupozea injini. Yakiwa na joto, pikipiki imepashwa ili usione jinsi inavyosumbua kuwaka asubuhi. Ahirisha, rudi kesho. Yakiwa ya baridi, zima ufunguo na usukume kiki taratibu kwa mguu. Unapaswa kukutana na ukinzani ulio wazi, mguu ukasita kabla ya kupita. Kiki inayoshuka laini kutoka juu hadi chini haina mgandamizo wa kutosha, na tatizo litakuwa ringi, valvu, au vyote kwa pamoja.

Kisha chomoa stiki ya oili. Oili nyeusi ni jambo la kawaida, lakini yenye chembe zinazong'aa kama vumbi la fedha inaonyesha kwamba chuma kinalika mahali fulani ndani. Oili iliyogeuka kuwa na rangi ya maziwa ina maji, na kwa kuwa injini hizi hupozwa kwa upepo na hazina maji ya rejeta, ama zilikaa bila kutumika katika unyevu, ama zilizama. Anayenunua Dar es Salaam baada ya masika, akijua jinsi Jangwani na mabonde mengine yanavyofurika, asilipuuze hilo.

Injini inapowaka, mwache mwenzako asimame nyuma na wewe ushike ekseleta. Moshi wa bluu unaotoka mara moja wakati wa kuwasha na kupotea mara nyingi husababishwa na sili za valvu zilizochoka, na hilo hurekebishika bila gharama kubwa. Moshi wa bluu unaoendelea kila unapovuta mafuta ni ringi na silinda, na hapo bei lazima ishuke sana au uondoke. Moshi mweusi ni kabureta inayomimina mafuta kupita kiasi au kichujio cha hewa kilichoziba, na usikubali ukutishe.

Sauti nayo hutegemea aina ya injini. Boxer na TVS HLX zina mnyororo wa taimingi unaozungusha kamu (shafti inayofungua valvu) iliyo juu ya silinda, na mnyororo huo ukilegea husikika kama mchakacho upande wa silinda, hasa injini inapounguruma polepole bila kuvutwa mafuta. Pikipiki nyingi za Kichina, kwa upande mwingine, zimeiga injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kusanifiwa kwa ajili ya nchi ambako watumiaji hawakuwa na desturi ya kuipeleka pikipiki kwa fundi mara kwa mara. Injini hiyo haina mnyororo wa taimingi. Valvu zake husukumwa na vijiti virefu, na mgongano mdogo wa juu juu ndani yake si ugonjwa. Ukiinama pembeni mwa injini ya Kichina utakuta pia namba kama 156FMI au 162FMJ. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ni ukubwa: I ni daraja la cc 125 na J ni la cc 150. Stika ya ubavuni iliyoandikwa 150 juu ya injini yenye FMI imekwisha kuzungumza kwa niaba ya muuzaji.

Mwili wa pikipiki unastahili muda sawa na injini, ingawa wengi huupita haraka. Isimamishe kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele likiwa hewani, na uzungushe usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unanasa kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulisukume pembeni, na likicheza jua kwamba huenda bushi za mkono wa chuma unaolibeba zimelika. Piga tochi pale shokapu za nyuma zinapofungwa na chini ya kiti, ukitafuta mshono wa kuchomelea ambao haukutoka kiwandani, kwani fremu iliyobeba watu watatu kwa miaka hupasuka hapo. Halafu mwache mtu aiendeshe polepole mbele yako uone kama magurudumu mawili yanafuata mstari mmoja. Cheni, sproketi, tairi na breki shuu ni vitu vya kupunguziana bei tu. Fremu iliyopinda si ya kupunguziana bei, ni ya kuachwa.

Kuhusu ukubwa wa injini, najua wengi hawatakubaliana nami, lakini kwa mtu mmoja anayekwenda kazini mjini cc 100 hadi 125 zinatosha kabisa. Kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na foleni za Mbagala au Kimara haziruhusu hata huo. Pikipiki ya cc 100 yenye afya, ikiendeshwa kwa utulivu, hupita kilomita 50 au zaidi kwa lita moja. Lakini sababu yangu kubwa si mafuta. Pikipiki ya cc 150 hutafutwa na madereva wengi wa bodaboda, hivyo iliyotumika huwa na bei ya juu, na uwezekano kwamba imetoka kijiweni ni mkubwa. Ukishuka daraja moja unapunguza bei na wakati huo huo unajitoa kwenye kundi la vyombo vilivyochoka. Anayeishi Lushoto, Mbeya au kwenye miteremko ya Uluguru, au anayebeba mzigo kila siku, ana haki ya kuchukua 150, na sitabishana naye.

Chapa naiweka mwisho kwa makusudi. Boxer na TVS zina spea kuanzia Kariakoo hadi kwenye duka la mwisho kijijini, na za injini ya CG huingiliana kati ya chapa nyingi za Kichina. Honda na Yamaha halisi hudumu, ila spea zake halisi ni ghali na katika maeneo mengi huagizwa. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuamua uende kwenye duka la spea lililo karibu na nyumbani kwako na uulize vitu vitatu vya pikipiki unayoitaka: plati za klachi, waya wa klachi, na pistoni na ringi zake. Ukijibiwa "hadi Kariakoo" kwa vyote vitatu, wewe unayehitaji kufika kazini kila siku tafuta nyingine. Na fundi utakayekwenda naye kukagua awe yule atakayekutengenezea baadaye, asiwe aliyeletwa na dalali, maana wa dalali hulipwa pale tu unaponunua.

Karatasi zikaguliwe mchana na kwa macho yako. Dai kadi halisi ya TRA. Nakala haitoshi, kwa kuwa pikipiki ya mkopo huachwa kwa dereva na nakala huku kadi yenyewe ikibaki kwa mkopeshaji, na ya mkataba ambao haujaisha bado ni ya tajiri. Linganisha namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo na namba ya injini iliyogongwa kwenye injini yenyewe, herufi kwa herufi, na upitishe kidole juu yake: chuma kilichosagwa huacha bonde dogo. Namba ya fremu ya pikipiki iliyotengenezwa India huanza na M, na ya China huanza na L, hivyo Boxer yenye L inataka maelezo. Angalia pia kama namba ya usajili ina deni la faini katika mfumo wa Polisi wa usalama barabarani. Mauziano yaandikwe mbele ya wakili au kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, anayesaini awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, na uhamisho wa umiliki uanze wiki hiyo hiyo, wakati simu ya muuzaji bado inapatikana.

Fedha yote usiimalize kwenye kununua. Mimi hushauri sehemu ya tano ibaki mfukoni. Siku ya kwanza mwaga oili iliyomo, hata kama umeambiwa ni ya juzi, na uweke oili ya pikipiki ya mizunguko minne yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi za pikipiki hizi huogelea katika oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za magari huzifanya ziteleze. Safisha kabureta na kichujio cha hewa, badilisha plagi, rekebisha mwanya wa valvu, kaza spoku, na kama cheni inavutika mbali na meno ya sproketi ya nyuma, nunua seti nzima, usibadilishe cheni peke yake.