Acha kuvuta bawa la mtu!

Jamani, nani aliwaambia vazi la mhusika wa filamu au katuni ni la kushikwashikwa? Kila Julai pale San Diego Comic-Con, lile tamasha la katuni na filamu huko Marekani, ni yale yale. Mtu kavaa deraya yenye mabawa, ya sponji ngumu ya EVA, unene milimita 5 hadi 10. Kaikata vipande, kaipinda kwa hewa ya moto, kapaka gundi pande zote mbili, kangoja ikaukekauke, ndipo kabana. Wiki kadhaa za kazi! Halafu unakuja wewe, unavuta bawa kama unaangua embe. Hujui joto na jasho vimeshailegeza ile gundi? Kiungo kikibanduka hakirudi kwa mate! Ni kupaka upya, kungoja dakika 10 hivi, kubana tena, na zamu ya picha na nyota wa filamu imeshampita.

Na nyie mnaomsimamisha mtu katikati ya ujia, umati wa dunia nzima ukiwa nyuma yenu, ukuta wa kusogea kando hamuuoni?

Kibaya kuliko vyote: mkono kiunoni bila kuomba. New York Comic Con waliweka mabango tangu 2014 kwamba kuvaa vazi si ruhusa ya kuguswa. Bado tu? "Naomba picha." Maneno mawili! Yanawashinda nini?