Curse of the Fly (1965): laana isiyo na nzi

Mtu akikata tiketi ya filamu yenye neno "nzi" kwenye jina lake, ana haki ya kumwona nzi. Lalamiko hilo limeiandama Curse of the Fly tangu ilipotoka, na si la kupuuzwa. Ni ya tatu katika mfululizo ulioanza na The Fly ya Kurt Neumann mwaka 1958, iliyokuwa ya rangi, ukaendelea na Return of the Fly ya 1959, nyeusi na nyeupe. Hii ya tatu ilipigwa Uingereza, katika studio za Shepperton, chini ya mwongozaji Don Sharp. Hakuna mtu mwenye kichwa cha nzi anayetembea ndani yake hata mara moja.

Badala yake tunapewa familia, wazao wa mwanasayansi wa filamu ya kwanza. Henri Delambre (Brian Donlevy) na wanawe Martin na Albert wana mitambo miwili, mmoja Quebec, Kanada, na mwingine London, inayovunjavunja mwili wa mtu upande huu na kuuunda upya ng'ambo ya Atlantiki. Martin (George Baker) anamwokota barabarani Patricia (Carole Gray), aliyetoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, na haupiti muda wanaoana. Bibi harusi hajui kwamba nyuma ya nyumba, kwenye mabanda ya farasi, wamefungiwa mke wa kwanza wa Martin, Judith, na wasaidizi wawili, Samuel na Dill. Hao ndio majaribio yaliyoharibika.

Wanaoiponda wana hoja nzito kuliko ile ya nzi, ingawa wengi hawaitaji: kosa halina chanzo. Katika filamu ya 1958 mwanasayansi anaanza kwa kusafirisha sahani, anakuta maandishi ya mgongoni yamesomeka kinyumenyume, anarudi kwenye hesabu. Anajaribu paka, paka hatokei kabisa, unabaki mlio wake tu hewani. Ndipo anaingia mwenyewe, na nzi yumo chumbani, miili yao inachanganyika. Kila hatua unaijua na unaiogopa inayofuata. Hata ile ya 1959, yenye barakoa kubwa inayochekesha, inashika kanuni: mtu na simbilisi wakiingia pamoja, mtu anatoka na vikucha na simbilisi anatoka na vikono vya binadamu. Upuuzi, lakini upuuzi wenye utaratibu. Mwaka 1965, Judith aliharibikaje? Filamu haijali. Henri ana majeraha ya mnururisho, Martin anazeeka ghafla asipodungwa sindano kwa sababu ya damu ya nzi aliyorithi, na mambo haya hayaungani vizuri. Hadithi ya sayansi inaruhusiwa uongo mmoja mkubwa, kisha inadaiwa iuheshimu. Hapa deni halikulipwa.

Upande wa pili unaanzia kwenye bajeti. Mtayarishaji Robert Lippert alikuwa bingwa wa filamu za bei nafuu, na Uingereza ya wakati ule ilikuwa na tozo ya Eady: sehemu ya bei ya tiketi za sinema ilirudishwa kwa watengenezaji wa filamu zilizotambuliwa kuwa za Uingereza. Fedha ikiwa finyu, barakoa nzima ya mdudu ni mzigo. Unachukua umbo la kichwa cha mwigizaji, unafinyanga, unamimina mpira, halafu kitu hicho kinatakiwa kivumilie taa kali. Uso ulioungua ni rahisi zaidi. Mbinu ya kawaida ya zama zile ilikuwa mpira wa maji na pamba, tabaka juu ya tabaka shavuni. Na kwa kuwa filamu haina rangi, mpambaji anahangaikia kijivu tu. Kinachoharibu ni ukingo: taa ikitoka pembeni, pale mpira unapokutana na ngozi panachora mstari, na jasho likizidi gundi inaachia. Dawa yake ni giza na sekunde chache. Mabanda ya farasi yanatoa vyote viwili.

Hata mwanzo wake, ambao wapinzani nao huusifu, umejengwa kwa vitu vichache. Dirisha linapasuka kwa mwendo wa polepole na mwanamke mwenye nguo za ndani anatoroka usiku. Ili kupata mwendo huo kamera hukimbizwa zaidi ya mwendo wa kawaida wa fremu (picha) 24 kwa sekunde. Kwa fremu 96, sekunde moja ya kioo kupasuka inakuwa nne kwenye skrini, ila kila fremu inapata robo tu ya mwanga, hivyo lazima uongeze taa au ufungue lenzi hatua mbili. Mpigapicha Basil Emmott alikuwa kazini tangu enzi za filamu bubu. Hakuhitaji kufundishwa hesabu hizo.

Kwangu mizani inaegemea upande wa utetezi, pamoja na aibu ya kumpaka mwigizaji mzungu, Yvette Rees, ili aonekane Mchina. Filamu hii inaonyesha kosa la kisayansi kama kazi ya kila siku nyumbani: kuna mtu wa kupeleka chakula, kuna mlango wa kufunga. Halafu, karibu na mwisho, kanuni inarejea. Samuel na Dill wanatumwa London ndani ya chumba kimoja, na Albert anapokea rundo moja la nyama linalojongea, analimaliza kwa shoka. Anavunja mtambo. Quebec hawajui, Henri anaingia chumbani akikimbia polisi, anatumwa, na upande wa pili hakuna cha kumpokea. Hapo chanzo na matokeo vimeungana, bila barakoa.

Anayetaka kuamua mwenyewe asitafute nakala iliyokatwa kwa televisheni za zamani. Picha ni pana, 2.35 kwa 1, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo. Ikibanwa kuwa 1.33 inapoteza zaidi ya asilimia 40, na katika filamu inayoficha mambo yake pembeni gizani, hicho ndicho kinachokatwa.